Sweta Mbili za Uzi Mmoja

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua nilikuwa nimebaki na nini. Shimo langu la dhahabu kule Masara lilikuwa limejaa maji na kumeza pampu. Ndugu yangu Ryoba alikuwa amevuka mpaka kuingia Tanzania juu ya baiskeli yangu, akisema anakwenda kusalimia watu. Nikarudi Migori mjini, nikafungua kibanda cha misumari na mafuta ya taa, nikajipa moyo: mradi Roseline yuko, mimi si maskini.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka wa 1996. Mwanamke mmoja muuza dagaa wa omena alisimama mbele ya kibanda, akatua karai lake, akasema, "Wewe ndiwe Maroa? Wakwe zako wa Rangwe wanakuja Jumamosi. Wamesema usichinje kitu."

Usichinje kitu!

Mkwe akikuambia usichinje, ujue anachokuja kuchukua si nyama.

Jioni nikamwuliza mke wangu.

"Wanakuja kutusalimia tu," Roseline alisema. Alikuwa akichagua mchele. Nikautazama ule ungo, sikuona jiwe hata moja, na bado alikuwa anachagua.

Mimi ni Mkuria, yeye ni Mjaluo. Watu wetu wamegombania ng'ombe tangu enzi za mababu, lakini kwa jambo moja wamekubaliana bila mkutano wowote: mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani wakila. Ni heshima. Na nyumba yangu ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Ningemficha wapi Mama Bathsheba na sahani yake?

"Tuwapeleke hotelini kwa Terry, pale karibu na daraja," nilisema. "Kuna ule ukuta wa mbao katikati. Mama akae upande ule na wewe, mimi na Mzee tukae upande huu."

"Utawalisha hotelini kama wasafiri?"

"Nitawalisha kama wakubwa."

Akacheka kidogo. Kicheko kile nimekitunza.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na manyunyu, nami nikapata sababu ya kuvaa sweta yangu.

Niwaambie habari ya sweta hiyo, kwa maana ndiyo iliyoniponza. Ilikuwa ya kufumwa kwa mkono, uzi wa sufu, rangi ya damu ya mzee, na kifuani ilikuwa na pembetatu nne za kijivu zilizofuatana kama nyayo. Roseline aliniletea mwezi wa nne, aliporudi kutoka matanga ya dada yake mkubwa, Adhiambo. Mimi nilihudhuria maziko nikarudi kazini. Yeye alibaki kule Rangwe majuma kadhaa. Aliporudi alikuwa amekonda, na mkononi alikuwa na sweta.

"Nimekufumia," alisema.

Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kunitengenezea kitu kwa mikono yake. Mama yangu alikufa mapema. Niliivaa palepale. Mikono yake ilinipita vidole, nikaikunja mara mbili.

"Nilikosea vipimo," Roseline akasema. "Hukuwa karibu nikupime."

Nikaona hayo ni maneno matamu. Mpumbavu mimi!

Basi Jumamosi hiyo niliivaa ili Mama Bathsheba aione hata kwa kuchungulia, ajue binti yake ananipenda. Kufika saa sita manyunyu yalikwisha, jua likatoka na hasira zake, na mimi pale mlangoni kwa Terry nikaanza kuchuruzika jasho. Sikuvua. Ningeanzaje kuvua?

Pikapu ikasimama.

Akashuka Mzee Elijah, baba mkwe wangu, na kofia yake na fimbo. Akashuka Mama Bathsheba, akajifunika leso hadi puani na kugeuza uso upande wa mto, kama inavyotakiwa. Nilikuwa nikitarajia watu wawili.

Mlango wa dereva ukafunguka, wakawa watatu.

Alikuwa Jared.

Huyu Jared ndiye mume wa marehemu Adhiambo. Tulioa nyumba moja, yeye dada mtu na mimi mdogo mtu, kwa hiyo ni mwanyumba wangu. Ni mwalimu wa sekondari, mrefu kama mlingoti wa bendera, na ana ile sauti ya kuongoza kwaya ambayo hata akiomba chumvi wanawake hugeuka. Adhiambo alimwachia mtoto wa kiume wa miaka mitatu, Byron. Na mimi? Miaka minne ya ndoa, sijawahi kusikia kilio cha mtoto nyumbani mwangu.

Tangu yale maziko, Roseline alikuwa akienda Rangwe kila mwisho wa mwezi. "Naenda kumwona mtoto," husema. Nami hubaki kibandani nikipima mafuta ya taa na kujiuliza: mtoto ndiye anayeonwa, au baba wa mtoto?

Lakini siku hiyo hayo yote yalinitoka kichwani, maana Jared alikuwa amevaa sweta.

Rangi ya damu ya mzee. Pembetatu nne za kijivu kifuani, zimefuatana kama nyayo.

Nikamtazama Roseline. Roseline akatazama chini.

"Mwanyumba wangu!" Jared akaninyooshea mkono. "Habari za siku nyingi?"

Nikampa mkono. Mkono wa sweta yake ulikuwa umeishia katikati ya kigasha, ukaacha mifupa ya mkono nje. Wangu ulikunjuka kutoka kwenye mkunjo ukanimeza vidole. Tukasalimiana hivyo, yeye kwa mkono mtupu na mimi kwa kitambaa.

Terry mwenye hoteli akatoka jikoni akijifuta kwa aproni. Ni mwanamke wa maneno. Akatuangalia juu mpaka chini.

"Aki karibuni! Na nyinyi wawili hii yunifomu ni ya kwaya gani?"

Mzee Elijah peke yake ndiye aliyecheka.

Tukakaa. Mama Bathsheba na Roseline nyuma ya ukuta wa mbao, mimi na Mzee na Jared upande wa barabarani. Ukuta wenyewe ulikuwa na nyufa. Sauti zilipita kama hakuna kitu.

Terry akaleta samaki wa ngege wa kupaka, ugali wa mtama, na mboga ya osuga. Akaweka bakuli la pilipili katikati. Kabla Jared hajaligusa, sauti ya mke wangu ikatoka nyuma ya mbao:

"Terry, huyo mrefu usimwekee pilipili. Inamsumbua tumbo."

Mimi ndiye mwenye vidonda vya tumbo! Nilivipata Masara, kwa kushinda shimoni na njaa. Daktari alinikataza pilipili na Roseline alikuwepo siku hiyo. Leo mume ni mimi, tumbo linalokumbukwa ni la mwingine.

Nikavuta bakuli. Nikajaza pilipili kwenye sahani yangu, kijiko juu ya kijiko.

"Orwa, wewe ni jasiri," Mzee Elijah akasema. Orwa ni neno lao, maana yake mkwe wetu.

"Nimezoea," nikajibu. Machozi yalikuwa yanatiririka. Jasho nalo halikuacha. Sweta ilikuwa imelowa mgongoni.

"Mbona usivue hiyo sweta, mwanyumba?" Jared akaniuliza kwa upole.

"Wewe mbona hujavua yako?"

"Mimi sisikii joto sana."

"Basi hata mimi."

Nikawa namtazama anavyokula. Alikuwa akila polepole, anamega kidogo, anatafuna sana, kama mtu anayetimiza wajibu. Nikasema moyoni: ameshiba mahali pengine huyu. Kuna mtu anampikia.

Hapo ndipo Terry aliporudi na soda. Akaziweka mezani, akasimama mkono kiunoni, akatuangalia tena, mimi na Jared, Jared na mimi.

"Lakini nyinyi mmevaa vibaya," akasema. "Huyu mfupi sweta inammeza. Huyu mrefu sweta inamwacha nje kama mtoto aliyekua ghafla. Mkibadilishana si zitawatosha sawasawa?"

Nyuma ya ukuta kijiko kikaanguka.

Mzee Elijah akakohoa. Jared akateremsha mikono yake chini ya meza. Terry akaona amesema jambo, akachukua trei yake na kuondoka.

Mimi nikaitazama mikono ya sweta yangu. Nikaitazama ya Jared. Nikapima kwa macho, bega kwa bega, urefu kwa urefu. Terry hakukosea. Hii niliyovaa mimi ilipimwa kwa mwili wa Jared. Ile aliyovaa Jared ilikuwa saizi yangu kabisa.

"Hukuwa karibu nikupime." Ni nani aliyekuwa karibu?

Mzee akamwinamia Jared, wakaanza kunong'ona Kijaluo. Mimi Kijaluo changu ni cha sokoni, cha kuuliza bei na kutukana makanga wa matatu. Lakini maneno mengine hata ukiwa usingizini utayakamata. Nikasikia jina la Roseline. Kisha nikamsikia Mzee akisema, "Nyaka odhi kode."

Sharti aende naye.

Nikasimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Roseline! Njoo unimwagie maji ya kunawa."

Pipa la maji lilikuwa nje, pembeni mwa jiko. Akaja na kata mkononi. Nilikuwa sina haja ya maji.

"Sweta hii ulimfumia nani?"

"Maroa, wageni wako ndani."

"Nimekuuliza. Ulimfumia nani?"

Akaweka kata juu ya pipa. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hiyo sikufuma mimi."

Nilifikiri nimesikia vibaya.

"Ilifumwa na Adhiambo," akasema. "Krismasi iliyopita tulinunua uzi mmoja, mimi na yeye. Akaanza ya mume wake, nikaanza ya mume wangu. Mtindo ni wake, mimi nilimfuatisha tu. Akamaliza yake wiki mbili kabla ya kufa. Jared hajawahi kuivaa hata mara moja. Baada ya maziko tulipomtolea, aliishika, akashindwa hata kuikunja. Alikuwa hana kitu cha joto na alikuwa analala nje kwenye turubai la matanga. Mama akaniambia, mpe hii yako, na ile ya marehemu umpelekee Maroa, ni mtu mzima ataelewa."

"Ukaniambia umenifumia."

"Ndiyo."

"Ukanidanganya."

"Ningekuambia nini? Kwamba nimempa Jared sweta yako? Ungenielewa wewe, Maroa? Wewe ambaye nikisema 'Rangwe' tu unaacha kula?"

Msomaji, mtu mwenye akili angeishia hapo. Angemshika mkewe bega, angesema pole kwa dada yako, angerudi kukaa na wageni. Hata sasa nikieleza naona njia ilivyokuwa nyeupe.

Mimi nilisikia jambo moja tu: sweta ambayo mke wangu alinifumia kwa mikono yake, siku baada ya siku, akiniwaza mimi, ilikuwa kifuani mwa mwanamume mwingine. Na alikuja nayo mpaka mezani kwangu.

Nikarudi ndani. Roseline akanifuata akisema, "Maroa, tafadhali. Maroa!"

Nikasimama mbele ya Jared.

"Vua hiyo sweta. Ni yangu."

Watu wa meza nyingine wakaacha kula. Redio ya Terry ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, akaipunguza ili asikie vizuri.

"Orwa," Mzee Elijah akaanza.

"Baba, nakuheshimu. Lakini huyu amevaa nguo yangu. Avue."

Jared hakubisha. Laiti angebisha! Alisimama akawa juu yangu kama mnara, akaishika sweta kiunoni, akaipandisha na kuipitisha kichwani.

Ndani alikuwa na shati jeupe la kazi. Kola ilikuwa imelika. Vifungo viwili havikuwepo, na mahali pake alikuwa ametia pini. Na ndani ya shati lile hakukuwa na mtu. Nasema kweli. Yule mwanamume niliyekuwa nikimwona usiku na mchana akinenepea chakula cha mke wangu alikuwa mbavu na mifupa ya mabega. Pale matangani alikuwa mara mbili ya hivi.

Akaikunja sweta taratibu, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mwanyumba," akasema. "Nilidhani ulijua. Niliambiwa umenipa wewe mwenyewe. Kila nikiivaa nilikuwa nakuombea."

Nikaipokea. Ningefanya nini tena?

Nikakaa nayo magotini, moja mwilini, moja mapajani, jasho likinitoka hadi kwenye kope. Nilijua kwenye ufa mmojawapo wa ukuta wa mbao kulikuwa na jicho la mama mkwe, na jicho hilo lilikuwa limeona yote.

Mzee Elijah akasukuma sahani kando. Akavua kofia.

"Maroa, sisi hatukusafiri kutoka Rangwe kuja kugawa nguo. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Tumekuja kwa ajili ya mtoto. Byron hali chakula. Tangu mama yake azikwe anakataa mkono wa kila mtu. Bibi yake akimpa, anatema. Baba yake akimpa, anatema. Analia mpaka sauti inaisha. Ni Roseline peke yake. Akija Roseline, anakula. Roseline akirudi huku kwako, anafunga mdomo tena. Juzi tumemtoa hospitali huko Homa Bay. Walimpima kila kitu. Wametuambia hana ugonjwa mwingine, mtoto huyu anakufa njaa na chakula kiko mbele yake."

Jared alikuwa ametazama meza.

"Roseline hakuniambia," nikasema.

"Alikuambia anakwenda kumwona mtoto," Mzee akajibu. "Ulimsikia?"

Nilimsikia, ndiyo. Sikuamini tu.

"Sasa tunakuomba wewe mwenye mke. Umpe ruhusa akae na mtoto mpaka apate nguvu."

"Akae wapi?"

"Mtoto yuko kwa baba yake."

Ile pilipili yote ikanipanda kifuani. Mke wangu alale nyumba ya Jared!

Jared akainua uso. "Mimi nitahamia shuleni," akasema. "Nimeshaomba chumba kwenye nyumba za walimu. Nitakuwa nakuja mchana kumwona mtoto, Mama akiwepo. Sitaki ukose usingizi, mwanyumba."

Amefikiria hata hilo! Ameketi kule kwake na majonzi yake, akaupima wivu wangu, akaupangia chumba. Nilitamani angekuwa mtu mbaya. Ningejua la kufanya na mtu mbaya.

"Kwa muda gani?" nikauliza.

"Hatujui," Mzee akasema. "Mtoto ndiye atakayesema. Inaweza kuwa mwezi. Inaweza kuwa mwaka."

"Na kama nikikataa?"

"Ukikataa ni haki yako. Ni mke wako. Tutarudi tutafute njia nyingine. Kuna shangazi mmoja Kendu Bay, tutamjaribu. Hatutakuwa na neno juu yako."

Walinitazama. Mzee, Jared, Terry kwenye mlango wa jikoni, mafundi wa baiskeli meza ya pili. Roseline alikuwa amesimama pale ukuta wa mbao unapoishia, mikono ameifumbata tumboni. Alikuwa akinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu aliyesimama kando ya barabara anayeona gari linakuja lakini hajui kama litasimama.

Nikafikiri: wote hawa wameniona nikimvua mfiwa nguo mchana. Nikikataa sasa, watasema Maroa ni wivu mtupu. Habari itavuka Rangwe, itafika Homa Bay, muuza omena atairudisha hapa Migori na kuiuza na kipimo cha samaki. Kulikuwa na njia moja ya kujiokoa, nami nikaikimbilia.

Nikasimama. Nikamrudishia Jared sweta.

"Vaa. Asubuhi Rangwe kuna baridi."

Kisha nikamgeukia Mzee Elijah, nikatoa sauti ya mwanamume mwenye boma kubwa:

"Baba, mtoto ni mtoto wetu sote. Roseline aende. Sina kinyongo. Aende hata leo."

Mzee akasimama akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa. Macho yake yalikuwa na maji. "Orwa, ber ahinya. Umetutendea wema. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mengine." Mafundi wa baiskeli wakatingisha vichwa. Terry akasema, "Huyo ndiye mwanamume!" Na mimi, kwa dakika ile, nikajiona mrefu kuliko Jared.

Sikumtazama Roseline. Nilikuwa bado nakula sifa.

Nilipomtafuta kwa macho alikuwa ameshatoka nje.

Wakaanza kupanda pikapu. Mama Bathsheba alipita nyuma yangu, leso usoni, akaingia mbele. Mzee akakaa karibu naye. Jared akawasha injini. Roseline alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango wa mizigo, mkono kwenye chuma.

Nikamwendea. Nilitaka anisifu na yeye.

"Twende nyumbani kwanza uchukue nguo," nikamwambia.

"Nguo zangu nyingine ziko kule."

Neno hilo lilinikata, lakini nikalimeza. Si nilikuwa mkubwa sasa?

"Utarudi lini?"

"Wewe umesema niende hata leo. La kurudi hukusema."

"Roseline, umekasirika? Si ndivyo ulivyotaka? Mtoto wa dada yako?"

Akanitazama. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

"Umewahi kuniuliza nataka nini?" akasema polepole. "Nimechoka, Maroa. Mwezi wa nne mpaka leo sijamlilia dada yangu hata siku moja, kwa sababu kila nikifika kule nashikwa sketi na mtoto ananiita mama. Anadhani mimi ni Adhiambo. Kila siku ninayokaa anazidi kuamini. Na baba na mama nao wanaanza kunitazama hivyo. Hawasemi, lakini naona. Mama ananipikisha katika vyungu vya marehemu. Juzi mzee mmoja wa kanisa amenisalimia kwa jina lake, hakuna aliyemsahihisha."

"Mbona hukuwakatalia?"

"Nitawakatalia vipi wazazi wangu na mtoto anakufa njaa? Nani atakubali kuwa dada wa namna hiyo? Nilimwambia baba jambo moja tu. Nilimwambia, nendeni mkamwombe mume wangu. Nilijua utakataa. Mwenye wivu kama wewe! Nilijua ukimwona tu Jared utapiga meza, useme mke wangu haendi popote, wakuone mbaya, wakuchukie wewe, nami nirudi nyumbani kwangu nikalie. Tangu asubuhi nilikuwa nakuombea ukatae."

Nikautazama ule mkono wake kwenye chuma.

"Wewe ndiwe uliyekuwa ukuta wangu," akasema. "Leo, siku moja tu niliyouhitaji wivu wako, ukaufungia."

"Basi nakataa," nikasema haraka. "Nakataa sasa hivi. Shuka. Yaani, usipande. Nakataa."

"Usiniambie mimi."

Jared akapiga honi kidogo, honi ya adabu. Kichwa cha Mzee Elijah kikatoka dirishani, uso wake bado umejaa ile shukrani, kofia mkononi kama mtu aliyetoka kanisani.

"Orwa, kuna nini huko nyuma? Tuondoke mapema, mtoto anangoja."

Mtoto anangoja.

Nikatazama barabara ya Homa Bay. Nikamtazama yule mzee aliyenishika mkono kwa mikono miwili mbele ya watu wote.

Roseline akaingoja sauti yangu. Alipoona haiji, akageuka kuelekea dirishani, akasema kwa Kiswahili, wazi, ili kila mtu asikie na mimi nisipate pa kujificha:

"Baba, mwambie Jared azime gari kwanza. Mume wangu ana neno."